Maswali yenu kuhusu kabati langu la vitabu vya siasa

Tangu niligusia kwamba nina kabati la vitabu vya siasa hapa nyumbani Tabata simu haijatulia, watu wanauliza mpaka usiku, kwa hiyo nimechukua yale maswali yanayojirudia sana nayajibu hapa kwa pamoja.

Kaka, vitabu vingapi hivyo, na vyote umevisoma?

Mara ya mwisho kuhesabu vilikuwa 340 na kitu. Nusu nimevisoma mwanzo mpaka mwisho, vingine navifungua nikiwa natafuta jambo fulani tu, vilivyobaki vinasubiri zamu. Havikuja siku moja, ni miaka 18 ya kupita kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta kila mshahara ukitoka, elfu mbili hapa, elfu tano pale.

Nipo kidato cha sita Iringa, siasa naipenda ila hela ya vitabu sina. Nianze na nini?

Mdogo wangu, anza na vyembamba. Azimio la Arusha lenyewe, la Februari 1967, ni kijitabu cha kumaliza jioni moja, lakini wengi wanaolitaja kwenye mabishano ukiwabana unakuta hawajawahi kulishika, wamesikia tu kwamba mabenki yalitaifishwa basi. Ukifika sehemu ya tano, kwenye masharti ya viongozi, tulia hapo. Kiongozi wa TANU, chama tawala cha wakati ule, au wa serikali asiwe na hisa kwenye kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi kwenye kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Soma taratibu, fikiria viongozi unaowajua wewe. Halafu tafuta habari za kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM kule Zanzibar mwaka 1991, ambacho ndo kililegeza masharti hayo hayo. Ukishaviweka hivyo viwili pamoja, ule mjadala wa maadili ya viongozi unaousikia redioni kila siku utaanza kuelewa ulikotoka.

Baada ya hapo chukua Katiba ya 1977, hakikisha nakala ina marekebisho, usiisome kama msahafu wa kukariri, isome ukiwa na swali moja, mfano nani anamteua nani. Kisha mwanahistoria wa Guyana, Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa. Alikiandika akiwa mwalimu pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwaka 1972 kikatoka kwa Tanzania Publishing House (TPH) hapa Dar na kwa Bogle-L'Ouverture kule London, yaani kitabu kinachosomwa dunia nzima mpaka leo kimepikwa Mlimani. Kununua usihangaike kwanza, nenda maktaba ya mkoa, na ukija Dar pita Maktaba Kuu pale Bibi Titi, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 1967. Mimi mwenyewe vitabu vyangu vya kwanza kumi nilivisomea pale, nikiwa sina hata kimoja changu.

Naona unamsifia sana Mwalimu, waliompinga huwa huwasomi?

Nawasoma sana, ndugu yangu, na kwangu kusoma siasa kunaanzia hapo. Kabati langu sijalipanga kwa herufi, nimelipanga kwa ubishi, aliyesema jambo na aliyemjibu wanakaa bega kwa bega. Freedom and Socialism, yale maandishi na hotuba za Mwalimu za 1965 mpaka 1967, kimekaa jirani na Class Struggles in Tanzania cha Issa Shivji cha mwaka 1976, ambaye anasema baada ya utaifishaji walioshika usukani siyo wakulima na wafanyakazi, ni tabaka jipya la warasimu lililokaa maofisini. Hoja hiyo Shivji alianza nayo akiwa kijana mdogo, mwaka 1970, kwenye Cheche, jarida la wanafunzi pale Mlimani, na mwaka huo huo Cheche likapigwa marufuku, vijana nao hawakunyamaza wakaja na MajiMaji. Sasa sogea mpaka 2020, unakuta ni Shivji huyo huyo, pamoja na Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, wanatoa wasifu wa Mwalimu wa juzuu tatu, Development as Rebellion. Mtu amekukosoa ukiwa madarakani halafu miaka yote hiyo baadaye anakaa chini kuandika maisha yako kwa uangalifu kiasi kile, mimi hilo linanigusa sana.

Mwingine ni Babu, Abdulrahman Mohamed Babu, mwanasiasa wa Zanzibar. Maneno ya mwisho kwenye kitabu cha Rodney aliyaandika yeye. Kitabu kimetoka 1972, Aprili mwaka huo huo Karume, Rais wa Zanzibar, akauawa, Babu akakamatwa akawekwa kizuizini huku Bara mpaka 1978. Kila nikifika zile kurasa za mwisho nakumbuka aliyeziandika alikuwa anakaribia kufungiwa, na nazisoma polepole. Alipotoka akaandika African Socialism or Socialist Africa?, 1981, anaubishia ujamaa wa Kiafrika waziwazi bila kumung'unya maneno. Kuna anayeniambia kusoma hivi ni kumvunjia Mwalimu heshima. Mimi nampenda Mwalimu, na kwa kuwa nampenda nataka kujua alipatia wapi na wapi alikosea na nani alilipa gharama ya makosa hayo, siyo kumbandika ukutani kila Oktoba 14 halafu basi.

Kiingereza kinanipiga chenga, vya Kiswahili vipo?

Vipo dada yangu, ila ni vichache mno, na hili linaniuma kweli manake nchi inaendesha Bunge lake kwa Kiswahili halafu vitabu vinavyoichambua unavikuta kwa Kiingereza. Fanon yupo, The Wretched of the Earth kilitafsiriwa na Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga kikaitwa Viumbe Waliolaaniwa, TPH 1978, ukikikuta mahali usiulize bei mara mbili. Kuna Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania cha Mwalimu mwenyewe, kilichapishwa Harare, anapinga ile hoja ya kuunda Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano iliyopita Bungeni Agosti 1993, na humo anawasema viongozi wa juu wa chama chake kwa Kiswahili ambacho mtoto wa darasa la saba anakielewa. Mzee Mwinyi naye aliacha Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, cha 2021.

Na usidharau riwaya. Kuli ya Shafi Adam Shafi inakuingiza kwenye mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar wa 1948, na Gamba la Nyoka ya Kezilahabi inakuonyesha ujamaa vijijini unavyofika kwa watu ambao hawakuuomba. Hiyo nilimsomea marehemu baba kwa sauti, macho yake yalikuwa yameshachoka, kila sura ikiisha ananisimulia kijiji chao walivyohamishwa, nyumba zilivyoachwa na mihogo ikiwa bado shambani. Mambo ambayo miaka yote hakuwahi kuyasema mezani.

Ripoti za tume nazo unaziweka kwenye vitabu?

Naam. Ya Tume ya Nyalali, iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali kuuliza kama nchi ibaki na chama kimoja, nimeitoa fotokopi na kuijalidi. Mwaka 1991 walizunguka nchi nzima kuuliza watu, karibu 8 kwa kila 10 wakasema chama kimoja kiendelee, na bado tume ikapendekeza vyama vingi, ikataja na sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa. Vyama vingi vikaanza rasmi Julai 1992. Mtu akikwambia hizi sheria mbaya ni maneno ya wapinzani tu, mwoneshe Jaji Mkuu alizitaja kabla hao wapinzani hawajaandikishwa.

Una kazi, una watoto, unasoma saa ngapi?

Saa kumi na moja alfajiri mpaka saa kumi na mbili kabla watoto hawajaamka, na kwenye daladala nikibahatika siti. Sina spidi. Penseli muda wote ipo mkononi, nyuma ya kava naandika namba ya ukurasa na maneno mawili matatu, mfano "142, mishahara", baadaye nikitaka kubishana na mtu najua pa kwenda. Hotuba nazisoma kwa sauti kwa sababu ziliandikwa zisikike.

Pdf je?

Nazo nasoma, hasa vile visivyochapishwa tena. Ila nikisomea kwenye simu nakumbuka kidogo.

Joto hili la Dar na mchwa, unavitunzaje?

Kabati lisiguse ukuta, miguu yake iko kwenye vikopo vyenye oili chafu. Kitabu cha mtumba hakiingii kabatini moja kwa moja, kinakaa kwenye mfuko wiki mbili nikikikagua wadudu. Masika ikianza nafungua milango yote kila jua likitoka, ukungu ukishaingia kwenye karatasi hautoki.

Unaazimisha?

Naazimisha. Kuna daftari, jina na tarehe, na sharti moja tu, ukirudisha unionyeshe ukurasa mmoja uliobishana nao. Nimeshapoteza, siyo kwamba sijapoteza. Nakala yangu ya kwanza ya Uongozi Wetu, yenye alama zangu zote za penseli, iliondoka wakati wa kampeni za 2015 na rafiki ambaye sasa hapokei simu. Nilikaa miaka minne bila nyingine mpaka nikaikuta Posta, kava limechanika, na mwenye nayo wa zamani kaijaza maandishi ya bluu pembeni mwa kurasa, ukurasa mmoja kaandika "siyo hivyo, nilikuwepo". Nimeisoma upya yote kwa ajili ya yale maandishi ya bluu. Kwa sasa ipo kwa binti mmoja mwanafunzi wa sheria, anairudisha mwisho wa mwezi, na nimemwambia aandike na yeye.