Dada wa Kimara, futa kwanza huo ujumbe wa maombi

Dada, simama hapohapo. Umeuliza hapa jukwaani mambo matatu: mchungaji gani wa maombezi anafaa kwa kijana wako wa kidato cha tatu aliyekwambia anavutiwa na wavulana wenzake na hajielewi, kama umhamishe shule ya bweni, na kama baba yake aambiwe. Halafu mwishoni, kama kitu kidogo tu, umeandika kwamba jana usiku ulimtumia mwenyekiti wa idara ya maombi ujumbe ili Jumapili mtoto "awekwe mbele za Bwana". Hapo ndipo panapowaka moto.

Kanuni ni moja: kwa sasa wanaojua ni wewe na yeye, basi. Wa tatu anaingia kwa ruhusa ya mtoto mwenyewe, akiwa na kazi maalumu ya kufanya. Mtu wa kukusaidia kulia hajafikia sifa hiyo.

Wazazi wengi hudhani wamemwambia mtu mmoja. Mwenyekiti wa maombi haombi peke yake, kazi yake ni kuombesha. Atatafuta wawili watatu wa kufunga naye, mmoja wao ataweka kwenye kundi la WhatsApp, bila jina, kwa heshima kabisa: "Tumkumbuke kijana wa kidato cha tatu, mama yake ni mpendwa mwenzetu wa kwaya, roho chafu inamsumbua." Kwaya yenu ina akina mama wangapi wenye mtoto wa kidato cha tatu? Basi jina limeshatajwa. Humohumo yumo mzazi ambaye mwanawe yuko shule moja na wako, naye kwa nia njema kabisa atamwonya mwanawe akae mbali. Shuleni habari ya namna hiyo hailali. Ukigutuka ukataka kufuta, WhatsApp inakupa siku mbili na saa 12 kufuta kwa wote, na kufuta huko hakugusi skrinishoti wala ujumbe ambao watu wameshausambaza.

Tena hapa kwetu hauishii kuwa umbea. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinataja kifungo cha maisha, na kisiwe chini ya miaka 30. Kinaadhibu tendo la kuingiliana kinyume na maumbile; kijana kujiuliza maswali na kuwa na hisia si kosa popote kwenye sheria zetu. Lakini mpangaji mwenzako hajui tofauti hiyo, na tapeli anayeijua ataitumia kukutisha. Atakuja na lugha ya "tuyamalize kimyakimya", utatoa, na mwezi ujao atarudi, maana ameshajua unaogopa. Mmesahau Oktoba 2018? Mkuu wa mkoa wa wakati ule, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga Dar na kuomba wananchi wataje majina. Ujumbe ulimiminika kwa maelfu, kwa maelezo yake mwenyewe. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikasema huo ni msimamo wake binafsi, si wa Serikali. Wenye majina yaliyotumwa, nani aliwarudishia heshima yao? Na waliotuma ni majirani, si majini.

Sasa niwaseme kidogo hawa watumishi wanaotangaza kufungua vijana. Mtoto anapigishwa mfungo mkavu siku tatu, hata maji hapewi, kwenye joto hili la Dar, halafu anakemewa mbele za watu huku simu zinarekodi. Kizunguzungu cha njaa kinaitwa pepo anatoka. Ibada ya tatu anasema "nimepona", kwa sababu ndilo neno pekee linalomfungulia mlango wa kwenda nyumbani kula. Ushuhuda unapigwa, sadaka ya shukrani inatolewa, na kuanzia siku hiyo mtoto amejifunza kwamba kwako ukweli unaumiza na uongo unapewa wali. Hatakwambia kitu tena, hata siku akipata mtu mzima wa kumharibu. Wamarekani walikuwa na chama kizima cha Kikristo cha kazi hii, Exodus International, tangu 1976. Mwaka 2013 kikajifunga, na mkuu wake, Alan Chambers, akaomba radhi hadharani. Huku kwetu bado mnauziwa mafuta ya upako kwa chupa.

Na yule aliyeshauri hapo juu apelekwe zahanati "akapimwe sehemu ya nyuma": hakuna daktari anayeweza kusoma hisia za mtu huko. Kipimo hicho hakithibitishi kitu, ni udhalilishaji. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa tangu 17 Mei 1990.

Kabla hamjaniuliza nalipwa na mabeberu gani: hao mabeberu kama wapo, hawajanitumia hata nauli ya mwendokasi. Mimi ni mzee wa kanisa, bahasha yangu ya ahadi ya jengo iko hai. Sijamwambia dada aache imani yake. Mathayo 18:15 inasema nenda ukaongee naye, wewe na yeye peke yenu, na hapo ni kwa aliyekosa. Huyu ameuliza swali tu. Na ndugu wa Mbagala uliyeleta habari za kisomo cha Kurani, soma sura ya Al-Hujurat aya ya 12 kwanza: msipelelezane, msisengenyane.

Leo usiku maneno yako yawe machache. "Asante kwa kuniambia. Wewe ni mwanangu. Sijui yote, tutakwenda pamoja." Kisha: "Nani mwingine anajua?" Hilo linakuonyesha hatari iko wapi. Usimpe jina, amesema hajielewi, mwache asijielewe. Usimwulize "umeshafanya?" Muulize kwa upole kama kuna mtu mkubwa aliyemgusa au kumlazimisha. Simu yake usiichukue kuipekua.

Kuna mambo mawili tu ya kuvunja kanuni yangu. Kama amelazimishwa, nenda hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia VVU hazifanyi kazi baada ya hapo. Polisi ni Dawati la Jinsia na Watoto, fomu ni PF3, na namba 116 ya watoto ni bure. Hapo unazungumzia aliyembaka, habari ya hisia za mtoto haihusiki. La pili, akisema amechoka kuishi. Muulize wazi kama anafikiria kujiua, kuuliza hakumpandikizii wazo. Funga dawa na sumu ya panya kabatini, usimwache peke yake, kisha mpeleke hospitali yenye huduma ya afya ya akili, Muhimbili wanayo.

Kama lazima uzungumze na mchungaji, mjaribu kwanza bila kumtaja mtoto: "Mzazi akikuletea siri ya mwanawe, unamshirikisha nani?" Akijibu "tunaliweka kwenye maombi", shukuru, kunywa soda yako, ondoka. Na nyie Wakatoliki wa hapa jukwaani msijidanganye: padri amefungwa na siri ya kitubio, ila mazungumzo ya kibarazani baada ya misa si kitubio.

Baba yake aambiwe siku kijana akisema yuko tayari, na baada ya wewe kujua mzee huwa anafanya nini akikasirika. Kama mkono wake ni mwepesi, jibu unalo.

Huo ujumbe wa jana muda wake haujaisha. Ufute sasa. Mwenyekiti akikuuliza ulikuwa unasema nini, mwambie ni habari za ada.