Kabla ya Kwenda Amphawa, Tazama Mwezi

Wengi wanaoniuliza kuhusu Thailand huwa wameshaliweka jina la Amphawa kwenye safari yao, na karibu wote wamepanga jambo lilelile: kutoka Bangkok Jumamosi mchana, kuzunguka kwenye soko la mtoni, kula kamba wa kuchoma, kisha kurudi usiku huohuo. Mimi nawaambia walale huko, wafike Alhamisi ikiwezekana, na kabla ya kukata tiketi watazame mwezi una siku ngapi. Aliyekulia pwani atanielewa upesi, maana wilaya hii nzima inaishi kwa kupwa na kujaa.

Amphawa iko mkoa wa Samut Songkhram, mkoa mdogo kuliko yote Thailand kwa eneo, kusini magharibi mwa Bangkok. Mto wake ni Mae Klong. Mto huo huanzia Kanchanaburi, pale mito miwili ya Khwae inapokutana, ukapita Ratchaburi na kumwaga maji yake Ghuba ya Thailand, si mbali na Amphawa yenyewe. Kwa hiyo maji matamu ya mtoni hukutana na ya bahari ndani ya mkoa huohuo, na katikati hubaki eneo kubwa la maji ya chumvichumvi. Kiangazi, mto ukipungua, chumvi hupanda juu, na wakulima huwa na wasiwasi na mabalungi na lichi zao. Ndiyo maana mashamba yao yameinuliwa kwa matuta mapana yaliyozungukwa na mitaro, yenye milango ya kuingiza maji na kuyazuia.

Sasa turudi kwenye mwezi. Soko maarufu la Amphawa hufunguliwa Ijumaa hadi Jumapili, kuanzia mchana hadi usiku. Barabara zilipojengwa, biashara ilihamia nchi kavu na soko likafifia. Lilifufuliwa mwaka 2004, na leo linategemea zaidi wageni wa mjini. Si baya, chakula chake kitamu, lakini Jumamosi jioni huwezi hata kugeuka. Katika wilaya hiyohiyo kuna soko jingine, Tha Kha, ambalo kwa desturi hufuata kalenda ya mwezi: siku ya 2, ya 7 na ya 12 za mwezi unaokua, na vivyo hivyo mwezi unapopungua. Siku hizi hufunguliwa mwishoni mwa wiki pia. Wahi asubuhi na mapema. Utawakuta mama wenye umri mkubwa wakipiga kasia wenyewe, mitumbwi imejaa nazi, mboga na ndizi za shambani mwao. Ukiweza kufika siku ya mwezi isiyoangukia Jumamosi wala Jumapili, utaliona soko likiwa la wenyeji kweli.

Vimulimuli nao wanataka giza. Hukaa kwenye miti inayoitwa lamphu, jamaa wa mlilana wetu wa kwenye mikoko, nao huwaka na kuzima kwa pamoja, mti mzima. Mwezi mpevu hukunyima nusu ya uzuri huo, kwa hiyo chagua siku za mwanzo au za mwisho wa mwezi mwandamo, na miezi ya mvua ni bora kuliko ya kiangazi. Nakusihi jambo moja hapa: tafuta mwenye boti atakayekubali kuzima injini, au apige kasia kabisa. Kelele za boti za usiku ziliwachosha wakazi hadi baadhi yao wakakata miti hiyo mbele ya nyumba zao, na mti ukienda, vimulimuli wake nao huenda. Ukilala katika mojawapo ya nyumba za mbao kando ya mfereji, mwenye nyumba ndiye mtu wa kumwuliza.

Kilichonigusa kuliko vyote ni wagema. Mnazi hugemwa kule asubuhi na jioni kama kwetu, ila wao hawangoji utomvu uwe tembo, yaani pombe ya mnazi. Katika chombo cha kukingia utomvu hutia vipande vya mti fulani wenye uchungu ili usichachuke, kisha huuchemsha kwenye makarai makubwa juu ya moto wa kuni mpaka uwe sukari laini ya rangi ya maziwa na asali. Mtu anayepanda minazi kila siku anahatarisha maisha, na vijana hawaitaki kazi hiyo. Ndiyo sababu sukari nyingi ya bei nafuu huchanganywa na ya miwa. Usinunue sokoni tu. Nenda kwenye tanuri lenyewe, ulipe bei wanayotaja bila kubishana. Halisi hulainika kwenye joto na kukolea rangi baada ya siku kadhaa. Iliyochanganywa hubaki ngumu na nyeupe.

Ukipata nafasi, shuka hadi Don Hoi Lot, mlangoni mwa mto, maji yakiwa yamepwa mchana. Wachokoaji wa kombe hutia chokaa kwenye tundu, na kombe mwembamba wa urefu wa kidole huchomoza juu. Samaki wa kuulizia ni pla thu, jamaa wa vibua, anayeuzwa amekunjwa shingo ili atoshe kwenye kikapu kidogo cha mianzi.

Mfalme Rama wa Pili alizaliwa Amphawa miaka ya 1760, na bustani ya kumbukumbu yake, yenye nyumba za kale za Kithai, yafaa saa moja ya utulivu. Alfajiri watawa wa Kibuddha hupita kwa mtumbwi kupokea chakula. Ukitaka kutoa, vua viatu, na mwanamke asimguse mtawa.

Kwa Waislamu: supu nyingi za tambi huwa na nguruwe hata bakuli likionekana la samaki, kwa hiyo tafuta alama ya halali au shikamana na samaki na kamba wa kuchoma, na uulize kuhusu mchuzi.

Usafiri ni rahisi. Kuna mabasi madogo kutoka kituo cha kusini cha Bangkok. Njia ninayoipenda ni treni: Wongwian Yai hadi Mahachai, unavuka mto Tha Chin kwa pantoni, unapanda nyingine Ban Laem hadi mji wa Mae Klong, ambako reli hupita katikati ya soko na wauzaji hukunja mahema yao treni ikikaribia. Kutoka hapo kuna magari ya wazi yenye mabenchi mawili, mfano wa daladala za shamba Unguja, hadi Amphawa. Treni za Ban Laem hadi Mae Klong ni chache kwa siku, basi uliza ratiba stesheni ya Wongwian Yai siku moja kabla.