Ng'oa Kitako Kabla Hujafungua Kopo la Rangi

"Shikamoo fundi," ndivyo ulivyoanza ujumbe nilioupata wiki iliyopita kutoka kwa kijana wa Igombe, ambaye amenunua boti ya faiba iliyotumika Tanga, akaisafirisha kwa lori hadi huku Mwanza, na alipoigeuza akakuta chini imejaa magamba meupe, magumu, yenye umbo la kilima kilichotobolewa kileleni. Anauliza kama viumbe hao wenye magamba, ambao kwa Kiingereza huitwa barnacle, wataenea ziwani, na awatoe vipi. Swali la kwanza ni jepesi: hao ni wanyama wa maji ya chumvi, na Ziwa Victoria ni la maji baridi, kwa hiyo hawawezi kuishi humu. La pili liliwahi kunigharimu jina langu.

Karakana yangu ya Kirumba ilikuwa haijatimiza mwaka nilipoletewa boti ya namna hiyo kutoka pwani. Nilichukua patasi, nikavunja kuta za vigamba kwa urahisi ulionifurahisha, nikapitisha msasa juu juu, nikapaka rangi mikono miwili. Boti iling'aa, nikalipwa nusu. Kabla ya miezi mitatu rangi ilibambuka kwa viduara, kila kiduara mahali palepale palipokuwa na kigamba. Mwenye boti hakunilipa nusu iliyobaki, na maneno aliyoyasema mwaloni yalinifikia kabla yake mwenyewe. Bado yananiuma, kwa sababu sikuwa nimemdhulumu. Sikujua tu nilichokuwa nakikwangua.

Nilifunga safari hadi Tanga, nikakaa na mzee mmoja aliyezoea kupaka majahazi deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Aliniambia, "Mwanangu, huyu huanza na msingi, ukuta baadaye, wewe umebomoa ukuta." Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichokipata kuhusu kiumbe huyu.

Yeye si konokono wala chaza, bali ni wa jamii ya kaa na kamba. Akianguliwa huogelea huru na kula, akipita hatua sita kwa kujivua ngozi, kisha hugeuka kuwa buu wa namna nyingine, mara nyingi mwenye urefu wa karibu nusu milimita, ambaye hali tena kabisa na huishi kwa akiba ya mafuta aliyojiwekea. Kazi iliyombakia ni moja, kutafuta mahali atakapokaa maisha yake yote. Hutembea juu ya jiwe, ubao au chuma kwa vipapasio viwili vya kichwani, akijishika kwa gundi ya muda na kuacha nyayo zake, huku akipima mkwaruzo, ukoga na dalili za kemikali za wakubwa wa jamii yake. Pasipomfaa, huachia na kwenda zake. Akiridhika humwaga gundi ya kudumu, ambayo sehemu yake kubwa ni protini, akajibandika kichwa chini, na tangu hapo haondoki. Hubadilika umbo, akajijengea kuta za chokaa, akawa anakula kwa kupunga miguu yake yenye manyoya kupitia tundu la juu. Kadiri anavyokua hupanua kitako pembezoni na kuongeza gundi mpya ukingoni, ndiyo maana mkubwa hang'oki kirahisi. Charles Darwin aliwachunguza viumbe hawa kwa miaka minane, kuanzia 1846 hadi 1854, na nilipolijua hilo aibu yangu ilipungua.

Kwa hiyo ng'oa kitako. Kwa aina nyingi zinazoota kwenye boti, kitako ni bamba jembamba la chokaa ambalo hubaki hata mnyama akifa na kuta zikivunjika. Lowesha, tumia kikwangulio cha plastiki ili usichimbe faiba, kisha weka siki juu ya mabaki, kwa maana siki huila chokaa. Ijaribu kwanza mahali padogo, halafu suuza. Gundi yenyewe haiyeyuki kwa siki, hiyo ni kazi ya msasa. Pitisha kiganja: ukihisi kiduara, kitako bado kipo, na rangi itabambuka. Vaa barakoa, na fanya kazi mbali na maji, kwa kuwa rangi za kuzuia viumbe hawa mara nyingi huwa na shaba, na vumbi lake halifai kuingia kwenye ziwa linalotulisha sato na dagaa.

Vijana wenzangu mnaotamani boti za abiria, najua mkopo unavyosukuma na jinsi mteja anavyopiga simu kila asubuhi. Mwacheni apige. Mimi sasa hutumia siku mbili kwa vitako pekee, na sijarudishiwa boti hata moja kwa kosa lile.

Kijana wa Igombe ataanza kukwangua Jumamosi. Nimemwomba anitumie picha ya sehemu ya chini ikiwa kavu, kabla hajanunua rangi.