Jibu: Nimekula harusini, kilo mbili zimerudi

Pole sana, mdogo wangu. Unasema tangu harusi ya Jumamosi huko Tukuyu mzani umepanda kilo 2, na sasa unashinda njaa kujiadhibu. Hizo kilo si mafuta. Kilo moja ya mafuta mwilini ni takriban kalori 7,700, kwa hiyo kilo mbili ni zaidi ya 15,000, na huwezi kuwa ulikula kalori zote hizo za ziada usiku mmoja. Ni chumvi ya pilau, maji yaliyozuiliwa na chumvi hiyo, na chakula ambacho bado kiko tumboni. Zitashuka baada ya siku chache.

Kilichoniumiza ni kujiita "mnene mpumbavu". Nami nilijitukana hivyo mwaka mzima. Alfajiri, na baridi ya Uyole ya mwezi wa saba, napanda mzani miguu peku, mchana sili, usiku namaliza sufuria ya wali wa Kyela nimesimama jikoni, taa nimezima. Njaa na aibu ndizo zilizokuwa zinanilisha.

Nilipona nilipoanza kujisemesha kama ninavyomsemesha binti yangu akianguka: "Pole, inuka." Mtafiti Kristin Neff wa Marekani ameandika mengi kuhusu hili tangu 2003, na anasisitiza kuwa kujihurumia si kujidekeza.

Leo kula mchana, tafadhali: ugali kiasi, maharage, mboga nyingi, nusu parachichi. Mzani uusukume chini ya kitanda hadi Jumamosi. Na kama kula kwa kujificha kunajirudia, mwone daktari, umweleze yote.