Malengo muachie, mpunguzie hofu ya kukosea

Mkuu, umesema mdogo wako yuko kidato cha nne, anakesha na madaftari, lakini pepa ikikaribia anatapika, na mock amesingizia ugonjwa. Unauliza kama umshauri apunguze malengo. Nafundisha Hesabu sekondari, na kwa niliyoyaona, malengo muachie.

Kuna mwanafunzi akipata 60 analeta karatasi mezani: "Mwalimu, hapa nimepotelea wapi?" Mwingine, kwa 60 hiyohiyo, anaikunja na kuificha, maana anawaza baba atasema nini. Wote wanataka A. Paul Hewitt na Gordon Flett, wanasaikolojia, mwaka 1991 walitenganisha ukamilifu (kutaka kila kitu kiwe bila kosa) ambao mtu anajiwekea mwenyewe na ule anaohisi anadaiwa na watu. Huu wa pili ndio unaotesa zaidi. Unaua hata hamu ya kusoma: mtoto anaahirisha, mnamwita mvivu, kumbe anaona asipojaribu hajashindwa.

Nilikuwa na binti ambaye daftari lake ungedhani limechapwa. Akikosea mstari mmoja, anachana ukurasa anaanza upya. Kwenye mtihani, swali la kwanza la alama 6 anaandika, anafuta, anaandika tena, wenzake wako la tano. Hesabu alikuwa anaijua vizuri tu. Ila kichwa kilichojaa "nikikosea itakuwaje" hakina nafasi ya kushika tarakimu.

Nilimnyima ufutio. Nikawa nampa pepa za zamani nikimpimia muda, ukikwama unaruka, na nikimsahihishia namwonyesha alama alizopata kwenye hatua hata pale jibu la mwisho lilipokosewa. Mwanzoni alilia kabisa. Taratibu akaanza kuruka maswali mwenyewe bila kuambiwa, na kurudi baadaye.

Sasa hilo la mzazi wenu kumtaja kila jioni kaka yenu aliyepata one ya 7 (daraja la kwanza kwa pointi 7): anza na mzazi, kabla hata ya mtoto. Mkalishe umweleze kuwa hiyo pointi 7, ambayo hakuna inayoizidi, ni A kwenye masomo saba, na A ya kidato cha nne inaanzia 75. Hata huyo kaka aliruhusiwa kupoteza alama 25 kwa kila somo. Mdogo wako naye aambiwe hivyo, tena na mzazi mwenyewe.

Kutapika kukiendelea, mpeleke hospitali, usisubiri mtihani wa taifa upite.