Fundi wa Matairi Anajibu: Loda yetu inamaliza matairi ya mbele

SWALI: Shikamoo fundi. Nasimamia loda ya familia hapa Lugoba, inapakia mawe na kuyapeleka kwenye krasha, mashine ya kuponda mawe. Matairi ya mbele ya kwanza (kipimo 23.5-25, aina ya L-3) yalifanya kazi saa 3,100. Haya ya pili tuliyafunga mita ya saa za kazi ikisoma 11,240, na ilipofika 12,130 yote mawili yalikuwa yamekwisha. Kashata (meno ya tairi) zimechanika, vipande vimenyofoka, na moja limetoboka katikati. Ubavu ni mzima, na ya nyuma hayana neno. Katikati hapo tulianza zamu ya usiku, na tunamwaga maji kutuliza vumbi. Mume wangu anasema tumeuziwa feki. Fundi wetu alijaza upepo hadi psi 90 ili mawe yasipenye, lakini haikusaidia. Tunafikiria kununua mawili ya L-5, yenye kashata za kina zaidi, tuyafunge mbele tu. Halafu nati za ringi zimeganda, fundi anataka kuzichoma kwa gesi. Utushauri.
Msimamizi, Lugoba

JIBU: Marahaba, binti yangu. Naanza na ulilolitaja mwisho, maana hilo haliwezi kungoja. Mwambie fundi aweke huo mtungi mbali. Ringi yenye tairi juu yake haichomwi kwa gesi wala haichomelewi, hata kwa dakika moja. Joto hupita kwenye chuma, likaunguza mpira na grisi kwa ndani, vikatoa mvuke unaowaka, na humo ndani mna hewa ya kuuwasha. Tairi linaweza kulipuka moto ukiwa umeshazimwa na watu wamesharudi karibu. Kupunguza upepo hakuondoi hatari hiyo. Tegemezeni loda vizuri, toeni sindano ya valvu hadi upepo uishe kabisa, ndipo mguse nati ya kwanza. Zipakeni mafuta ya kulegeza kutu, mziache zilale usiku mzima, asubuhi mtumie spana yenye mkono mrefu. Zikigoma, tafuteni mwenye mashine ya kufungulia nati. Nakuomba usome aya hii kwa sauti mbele ya fundi wako.

Sasa matairi. Mimi sioni feki katika ulichoeleza. Tairi lenye kasoro ya kiwandani mara nyingi hutoa nundu au tabaka zake huachana hata pale ambapo jiwe halijagusa. Yenu yamekatwa, tena mahali panapokanyaga tu. Na ya nyuma, yanayopita njia ile ile, ni mazima. Kwa hiyo tazama kile ambacho magurudumu ya mbele hufanya na ya nyuma hayafanyi sana: kusota, yaani kuzunguka papo hapo, mbele ya rundo la mawe.

Nenda machimboni saa nne usiku, wakati wa hiyo zamu mpya, simama pembeni mahali salama panapoonekana na opareta, uangalie mizunguko ishirini ya upakiaji. Hesabu ni mara ngapi gurudumu la mbele linazunguka bila loda kusogea. Opareta asiyefundishwa vizuri hukandamiza baketi chini kwa nguvu. Hapo mbele ya loda huinuka kidogo, magurudumu yanakosa uzito, naye anaongeza mafuta. Kila msoto ni sawa na kulisugua tairi kwenye msumeno. Mfundishe aingie kwa gia ya kwanza, baketi ikishazama ainyanyue kidogo ili uzito wa mzigo urudi kwenye magurudumu ya mbele, ndipo asukume tena.

Maji nayo yanachangia. Mpira uliolowa hukatika kwa urahisi kuliko mkavu, kwa sababu maji hulainisha njia ya ncha ya jiwe. Mimi nilijifunzia kazi Kunduchi, kwenye mawe ya chokaa ya matumbawe, na nilipokuja kuona mwamba wa Lugoba nilielewa kwa nini watu wa huko wanalia. Ule ukipasuka hutoa kingo kama za kisu. Sikuambii uache kumwaga maji, vumbi linaua mapafu ya watu. Mwagieni njia kidogo kidogo bila kutengeneza madimbwi, na kila zamu ianze kwa kukwangua sakafu ya kupakilia na pale chini ya krasha, mawe yanapomwagikia. Dimbwi la usiku huficha jiwe ambalo opareta angelikwepa.

Kuhusu psi 90, hapo fundi wako alikosea, na kosa hilo nalijua kwa uchungu. Nikiwa kijana bosi aliniamuru nijaze namna hiyo, nami nikatii. Ndani ya wiki moja tulizika matairi mawili. Tairi lililojaa kupita kiasi huwa limevutika kama ngozi ya ngoma. Linapokanyaga jiwe haliwezi kubonyea na kulifuata umbo lake, hivyo linachanika. Kwa tairi la kipimo chenu 90 ni nyingi mno. Tafuta kiasi sahihi kwenye jedwali la mtengenezaji kulingana na idadi ya plai (tabaka za tairi) na mzigo, upime asubuhi kabla loda haijatembea, kwa geji nzima. Msipunguze upepo tairi likiwa la moto.

L-5 ni wazo zuri kwa mwamba huo: kina cha kashata zake ni mara 2.5 ya tairi la kawaida, wakati L-3 ndilo hilo la kawaida. Ila msifunge mbele tu. Mawili hayo mapya yatakuwa makubwa kuliko ya nyuma yaliyochakaa, na kwa kuwa loda inasukuma kwa magurudumu yote manne, tofauti hiyo itabebwa na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) na gia. Pima mzunguko wa kila tairi kwa futi kamba, kisha linganisha na tofauti inayoruhusiwa kwenye kitabu cha loda. Pia L-5 hushika joto haraka. Kama loda hutembea mwendo mrefu kwenda kujaza dizeli, leteni dizeli machimboni.

Kama fedha hazitoshi kwa manne, nunua L-3 mawili, rekebisha upepo na umfundishe opareta wa usiku kwanza. Andika mita siku ya kufunga, na kila baada ya saa 250 pima kina cha kashata mahali palepale. Ukifika vipimo vinne niandikie tena, tuvisome pamoja.