Kimeng'enya kimekufa au kimetoroka?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa mwisho, kemia. Natengeneza betri ya sukari. Nimepaka glukosi oksidesi, kimeng'enya kinachooksidisha glukosi, kwenye viini vya penseli, nikaviacha vikauke, nikavichovya kwenye juisi ya miwa. Upande wa pili nimeweka waya wa platini. Siku ya kwanza mita ilisoma mkondo kidogo, siku ya tatu sifuri kabisa. Nataka niwashe kitaa cha LED siku ya maonyesho. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Tuanze na hiyo miwa. Glukosi oksidesi ina maringo: inakula glukosi, tena ya umbo la beta. Sukari ya miwa karibu yote ni sukrosi, yaani glukosi iliyofungamana na fruktosi, na hiyo kimeng'enya chako hakiigusi. Tafuta glukosi ya unga isiyochanganywa na kitu, iyeyushe kwenye bafa ya fosfati ya pH 7 (mmumunyo unaozuia pH isibadilike), kisha iache ilale usiku kucha. Ikiyeyushwa papo hapo, nyingi huwa bado ya umbo la alfa. Kufikia asubuhi beta inakuwa karibu 64%. Mimi nilishawahi kuilaumu elektrodi, yaani kiini kilichopakwa kimeng'enya, wiki nzima, kumbe kosa lilikuwa kwenye chupa ya glukosi niliyoiyeyusha dakika 5 kabla ya kupima.

Sasa hiyo siku ya tatu. Kimeng'enya kilichokaushiwa juu ya grafiti ya kiini cha penseli kimejibandika tu, hakuna kinachokishikilia. Kabla ya kurekebisha chochote, jua kwanza kama kimekufa au kimetoroka. Loweka elektrodi kwenye bafa tupu usiku mmoja, uitoe, kisha tia glukosi kwenye ile bafa iliyobaki. Baada ya nusu saa chovya karatasi ya kupimia haidrojeni peroksaidi. Ikigeuka rangi, kimeng'enya chako kinaogelea humo. Isipogeuka, na elektrodi nayo haitoi kitu, basi kimefia mahali pake.

Kama kimetoroka, kifunge. Njia ya kawaida ni kukichanganya na albumini ya damu ya ng'ombe, kisha glutaraldehaidi kidogo sana, na kudondosha mchanganyiko huo kabla haujaganda. Aldehaidi hushikana na vikundi vya amini vya protini, na zote mbili zinasukika kuwa utando mmoja. Usizidishe. Mkono ukiwa mzito utapata gamba la manjano, gumu kama gundi iliyokauka: halitoki, lakini pia halifanyi kazi. Vaa glavu na ufanyie penye hewa, mvuke wake unachoma macho.

Kama kimekufa, mtuhumiwa wa kwanza ni oksijeni. Kituo cha kazi cha kimeng'enya hiki, FAD, kimezikwa ndani ya protini, na elektroni hazirukii kwenye grafiti kirahisi. Oksijeni ni ndogo, inaingia, inazichukua na kutoka ikiwa haidrojeni peroksaidi, ambayo taratibu inakiua kimeng'enya chenyewe. Watafiti Clark na Lyons mwaka 1962 walijinufaisha na ulaji huo wa oksijeni kupimia sukari. Kwako wewe unayetaka umeme, oksijeni kwenye anodi, upande wenye kimeng'enya, ni mwizi.

Dawa yake ni mbebaji wa elektroni anayemwahi mwizi. Ferosini, kemikali yenye atomi ya chuma, ilionyeshwa kufanya kazi hiyo mwaka 1984, na kufikia 1987 ilikuwa ndani ya mashine ya kupimia sukari yenye ukubwa wa kalamu. Mwanakemia Adam Heller akaenda mbali zaidi: alifunga metali ya osimiamu kwenye polima, mbebaji akabaki palepale pamoja na kimeng'enya. Mbinu hiyo ndiyo iliyo ndani ya FreeStyle Libre, kipima sukari ambacho mgonjwa hukivaa mkononi kama wiki mbili. Kistripu cha kawaida cha sukari kinatumika sekunde chache kikatupwa, hakina habari na siku ya tatu. Wewe anza na ferosini iliyoyeyushwa kwenye spiriti, idondoshe kwenye grafiti, ikauke, ndipo upake kimeng'enya.

Kuhusu kitaa, nitasema wazi: seli moja ya namna hii usiitegemee ikupe hata nusu volti, na ferosini yenyewe inakula sehemu ya volti hizo. LED nyekundu inataka kama 1.8. Utaunganisha kadhaa mfululizo, kila moja kwenye kikombe chake, maana zikichangia maji hazijumlishi volti. Halafu mkondo wako ni wa maikroampea, kitaa kinataka miliampea. Sony walipoendesha kicheza muziki kwa sukari mwaka 2007, kila seli ilitoa hadi miliwati 50, na walikuwa na maabara nzima nyuma yao.

Ningekuwa wewe ningewasha saa ndogo ya kioo, ile ya namba nyeusi, inakula umeme kidogo mno. Ukishikilia kitaa, kusanya chaji kwenye kapasita, kimulike mara moja kila baada ya dakika kadhaa. Na kiwe chekundu, cha buluu kinataka karibu volti 3.